Kinga ya Papa Théodore Inatoka Rangi

Siku ya tatu ya juma, 4 Septemba 1974

Papa Théodore, katekista wa Bagira, ametugawia kaye moja moja ya kuandikia na bik, sisi wafungwa tunaojua kuandika. Amesema kila jioni tuandike mambo ya roho zetu bila kujificha. "Mimi sitasoma," amesema. "Mungu njo atasoma." Ni vizuri. Mungu hajawahi kupeleka habari kwa directeur wa buloko.

Basi naanza. Jina yangu ni Modeste Kajangu, mupakaji wa rangi, mutu wa Kadutu. Majina ya batizo serikali imeyakataza, kwa hiyo hapa ndani mimi ni Citoyen Kajangu tu. Nilifungwa juu ya mabati sita ya wizi. Nilipewa miezi kumi na nane, nimekula kumi na moja. Hii buloko yetu si ile kubwa ya muji. Ni vyumba vine, uwanja moja, mbuzi moja ya directeur, na Chef Bisimwa, mulinzi mukubwa, mwenye sauti ya watu wawili.

Sababu ya kwenda kwa masomo ya Papa ni hii. Directeur amesema mwisho wa mwaka atafungulia watu watatu waliobadilika tabia, na mwenye kuwataja ni Papa Théodore. Nataka kuwa moja wao. Kaka za Rosalie, bibi niliyemuoa, wamesema mwaka ikiisha bado niko ndani, wanamurudisha Kabare kwa baba yao. Basi nitabadilika tabia, hata kama itanivunja mugongo.

Kwa karatasi masomo inaitwa "Mafundisho ya Raia Mwema", juu siku hizi mambo ya kanisa haitakiwi kutajwa sana. Chef anakaa mulangoni kuhakikisha tunafundishwa uraia. Tukianza Baba Yetu, anaangalia mabati ya paa.

Papa alifika amechelewa saa nzima, matope mupaka magoti. Ametuomba radhi. Amesema mwaka jana, watu wakiwa ndani ya rozari, mutu aliiba baiskeli yake, kinga ya bleu aliyoiegemeza kwa ukuta wa kanisa, na tangu siku ile anatembea kwa miguu toka Bagira. "Tumuombee yule mwizi," amesema. "Bwana amuguse roho." Wote wamesema Amina. Mimi nimekohoa.

Nimekohoa juu yule mwizi ni mimi.

Siku ya kwanza, 9 Septemba

Chef ameniita. Amesema ananiona mupole siku hizi, basi amenipa kazi: kila asubui nisugue kinga yake aliyonunua kiangazi hiki, mupaka ing'ae. Ameileta. Kinga ya rangi ya majani, kengele inalia kama kuku mwenye mafua.

Kengele ile naijua. Rangi ile naijua kupita kengele, juu niliipaka mimi. Niliiuza soko ya Kadutu kwa mutu moja wa kofia. Kumbe yule wa kofia aliificha ndani ya nyumba masika yote, kiisha naye akaiuza kwa Chef.

Kwa hiyo kinga ya katekista imeegemea hapa mulangoni, pale pale anapopitia. Nimeisugua huku nikiangalia pembeni.

Siku ya tatu, 11 Septemba

Papa amefika, amelowa. Ametafuta pahali pa kutundika mwavuli. Ameitundika kwa usukani ya kinga.

Tumemuombea mwizi. Nimekohoa. "Citoyen Kajangu," amesema Papa, "ile kifua uiangalie."

Siku ya ine, 12 Septemba

Nimesugua kinga.

Siku ya posho, mwisho wa juma, 21 Septemba

Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Tumekata majani kando ya barabara mupaka saa sita. Mvua ya kwanza ya kweli imetukuta bila kofia.

Siku ya kwanza, 23 Septemba

Mambo imeharibika. Chef aliacha kinga inje siku mbili, na leo nikisugua nimeona chini ya kiti doa ya bleu, kadiri ya ukucha.

Sasa niseme dhambi ya kazi yangu. Rangi ile ya majani ilikuwa ya kupaka tribune ya defile, jukwaa la wakubwa siku ya gwaride. Nilipewa makopo sita. Kuna wapakaji, mimi ni moja wao, wanaojua kuchanganya rangi na esansi, yale mafuta ya motokari: kopo moja inazaa mbili, tribune inapata moja, nyumba yangu inapata moja. Inakauka haraka, inang'aa, bwana wa kazi anakushika mukono. Mvua ikija, weye uko mbali. Kinga niliipaka na ile ya kuchanganya. Miaka kumi nimedanganya muji mzima na rangi na hakuna aliyenifunga. Sasa rangi yenyewe inataka kunifunga.

Siku ya tatu, 2 Oktoba

Mvua. Papa amechelewa. Mwizi ameombewa. Nimekohoa.

Siku ya yenga, siku ya misa, 6 Oktoba

Rosalie ameleta bugali na maharagi. Nimemuambia niko mbele kwa katekisimu, kwamba niliweza kutaja amri zote kumi. Ameniuliza kama najua ile ya saba inasema nini. Nimesema najua: usiibe. Amesema siku aliyoolewa nami niliijua pia.

Yeye husali kwa Papa Théodore kule Bagira, kwa dada yake anapokaa sasa. Amesema muzee anatembea kwa miguu kwa sababu ya yule mwizi wa kinga, na Mungu amuvunje yule mutu miguu yote mbili. Alingoja niseme Amina. Nimesema. Magoti ilianza kuniuma mupaka jioni.

Siku ya tatu, 9 Oktoba

Doa ni saba sasa. Leo nimeiba sombe jikoni, majani ya muhogo, nimeyaponda, nimepaka pale pa bleu. Kwa mbali inafanana. Papa amepita, ametundika mwavuli, hakuona kitu.

Halafu mbuzi ya directeur amekuja akaanza kulamba kinga. Amelamba fourche yote, ile uma ya gurudumu la mbele, mbele ya watu. Chef ameinama akanusa.

"Kajangu, kinga yangu inanuka sombe."

"Ni dawa ya kutu, Chef."

"Na mbuzi?"

"Naye anajua dawa, Chef."

Siku ya ine, 17 Oktoba

Niandike juu ya Atumani, tunayelala naye chumba moja. Ni mufanyabiashara wa Uvira, aliyefungwa juu ya makartoni ya sigara yaliyovuka mto Ruzizi bila kusalimia douane, watu wa forodha. Ni Muislamu. Anasali swala zake tano katika kona, lakini siku ya tatu anakuja nasi kwa Papa Théodore. Leo nimemuuliza sababu. "Mungu ni mumoja," amesema, "lakini sabuni inaletwa na Papa Théodore." Ni kweli, Papa huleta kipande kwa kila mutu. Anaibeba mwenyewe, begani, toka Bagira.

Mbele nilimuona Papa kuwa mujinga kidogo. Nilisema rohoni: mutu anayeombea mwizi wake kila juma amekosa kazi. Siku hizi namuangalia viatu. Kile cha kushoto kimefungwa na kamba ya mugomba.

Siku ya tatu, 30 Oktoba

Tumesikiliza pigano la ngumi la Kinshasa kwa redio ya Chef tangu mbele ya jua kutoka. Wakati wa somo wote wamelala, na Chef naye. Papa amesali peke yake, akamuombea mwizi peke yake. Mimi peke yangu nilikuwa macho. Ningeweza kusema neno pale, hakuna mwingine angesikia. Nimekohoa na nimejichukia.

Siku ya tatu, 6 Novemba

Papa ameanguka kwa muteremko. Amekuja na tope mupaka masikio, sabuni zote zimelowa, amefundisha akitetemeka. Somo ilikuwa mwana mupotevu. Amekohoa kupita mimi. Watu wamecheka wakasema tunajibizana.

Siku ya tatu, 13 Novemba

Papa hakuja.

Siku ya yenga, 17 Novemba

Rosalie amesema Papa Théodore analala, kifua imemushika, usiku hapumui vizuri. Kaka za Rosalie nao wamekuja tena kwake: wanahesabu siku.

Ningepaswa kuogopa juu ya orodha ya wale watatu. Papa akifa, nani atanitaja kwa directeur? Nilijaribu kuogopa orodha na nikashindwa. Niliona tu ile kiatu na kamba yake. Sijui tangu lini huyu muzee ameingia ndani yangu hivi, na sikumukaribisha.

Siku ya tatu, 20 Novemba

Papa hakuja. Tumekaa tu tukiangaliana. Kiisha Atumani amesema haifai kungoja mutu aombe pahali petu, basi amemuombea Papa apone, kwa Kiarabu. Chef ameangalia paa. Wote wamesema Amina, na mimi nimesema kwa sauti. Ile ilikuwa ya Papa, si ya mwizi.

Baadaye tukichambua maharagi nimemuuliza Atumani: kwenu, mutu fulani akiiba, kiisha akatubu sana, akalia, imeisha?

"Kuna dhambi ya mutu na Mungu," amesema. "Ile unalia, Mungu anafuta. Na kuna dhambi ya mutu na mutu. Ile Mungu mwenyewe anangoja. Anasema, nenda kwanza kwa mwenye mali."

"Na kama mwenye mali hajui?"

"Si weye unajua." Ametupa jiwe moja toka kwa maharagi. "Huyu mutu fulani, anakohoakohoa?"

Nimeinamia maharagi yangu.

Siku ya posho, 30 Novemba

Mvua siku ine mufululizo. Kinga sasa nusu ni bleu. Sombe haitoshi tena, na mupishi ameanza kuuliza inakwenda wapi. Nimemuambia Chef kwamba rangi ya namna hii ndiyo mode ya Kinshasa. Amefurahi.

Siku ya tatu, 4 Desemba

Papa Théodore amerudi. Amekonda, koti inamuzunguka. Tumesimama wote bila kuambiwa. Ametundika mwavuli kwa kinga na amesimama pale kidogo, mukono juu ya usukani, akipumua. Amesema tu, "Kinga muzuri, Chef," na akaingia.

Siku ya tatu, 11 Desemba

Leo niandike yote.

Papa amesoma majina matatu atakayopeleka kwa directeur tarehe ishirini. La kwanza ni yangu. "Citoyen Kajangu amebadilika," amesema. "Anasugua kinga ya Chef kama ni ya baba yake." Wenzangu wamenipiga mabega. Niliona Rosalie, niliona mulango, niliona kaka zake wanarudi Kabare mikono mitupu.

Halafu amefika kwa maombi ya yule mwizi. Amesema:

"Watoto, leo hatumuombei. Kwanza niseme yangu. Mwezi uliopita, nikiwa kitandani, nilichoka naye. Nilimuchukia. Nilimuomba Mungu ile kinga ivunjike katikati akiwa juu yake, pale muteremko wa Bagira, na niliona raha kuiwaza. Niliiwaza siku tatu. Kiisha nikaona mimi na yeye hatupishani mbali, kila mutu anabeba kitu isiyo yake. Basi namuomba radhi, popote aliko."

Popote aliko. Nilikuwa mbele yake, hatua tatu. Mwenye kuibiwa ananiomba mimi radhi. Sikuweza hata kukohoa.

Bugali ya jioni nimemupa Atumani yote. Nina hasira na huyu muzee. Angenilaani, ningetoka hapa na roho nyepesi.

Siku ya posho, 14 Desemba

Nikisema, jina yangu inatoka kwa orodha na Rosalie anakwenda. Nikinyamaza, natoka, Rosalie anabaki, na Papa anatembea. Nimegeuza mambo hii kila upande, na kila upande Papa anatembea.

Siku ya yenga, 15 Desemba

Rosalie amekuja amevaa kitenge ya sherehe, juu Papa alimuambia habari ya orodha. Amecheka mara mbili. Mwaka mzima sikuwahi kumuona akicheka. Sikumuambia kitu.

Siku ya tatu, 18 Desemba

Mvua kubwa tangu asubui. Papa amefika saa ine. Tumesimama kwa maombi.

"Tumuombee yule," ameanza.

"Papa, iko hapa," nimesema.

"Ndiyo, Kajangu. Mungu iko hapa."

"Hapana, Papa. Mwizi. Mwizi iko hapa. Ni mimi."

Alinikazia macho. Nilidhani atauliza sababu ao siku. Ameuliza, "Na kinga?"

"Ni ile unatundikaka mwavuli."

Chef alikuwa anaangalia paa. Ameshusha macho. "Kinga gani?" amesema, na sauti ile ya watu wawili ilikuwa ya mutu moja. Papa ametoka kwa mvua, Chef nyuma yake, sisi wote nyuma ya Chef. Papa ameinama, amekwaruza kwa ukucha: bleu. Amepiga kengele. Imelia vile vile, kuku na mafua yake. Macho ya muzee ikajaa maji.

"Niliinunua kwa haki," amesema Chef.

"Najua, Chef."

Halafu amegeuka kwangu. Wanasema watu wa Mungu wanasamehe mara moja. Papa Théodore alinipiga na mwavuli. Ya kwanza kichwani, ya pili na ya tatu mugongoni, ya ine mwavuli ikavunjika. Alikuwa anasema Mashi, lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu alinikataza kuyasikia hata kwa wachunga ng'ombe. Chef hakumuzuia. Mbuzi alikimbia.

Kiisha Papa amekaa juu ya ngazi, akitafuta pumzi, vijiti vya mwavuli mukononi. Ameviangalia. "Sasa muniombee mimi," amesema. Hakuna aliyejua aanzie wapi, basi Atumani ameanza. Tumesema Amina, sote, hata mimi na damu kidogo sikioni.

Papa ametoa karatasi ya orodha mufukoni na akaomba bik. "Siwezi kuandika kwamba umebadilika tabia mwaka huu," amesema. "Umeanza leo, saa ine."

"Haitoshi, Papa?"

"Haitoshi." Amefuta jina yangu polepole, vizuri, kama mwalimu. Chef amesema anipeleke tena mbele ya hakimu juu ya kinga. Papa amekataa kushitaki. "Nimeisha kumupiga," amesema. "Hakimu asimupige mara ya pili."

Kinga Chef ameiachilia mwenyewe. Mulinzi mukubwa wa buloko kupanda kinga ya wizi, watu wa Kadutu wangecheka mupaka Pasaka. Papa ameondoka juu yake ndani ya mvua, bila mwavuli, akipiga kengele pasipo na mutu.

Siku ya tano, 20 Desemba

Watatu wametajwa, mwingine pahali pangu. Sipo. Chef amenitoa kwa kazi ya asubui, amenipa vyoo.

Siku ya yenga, 22 Desemba

Rosalie hakuja. Nimengoja mupaka mulango ikafungwa. Nimejuta, nikaacha kujuta, nikaanza tena, ni hivyo siku yote. Nampenda bibi yangu na sijui kama bado ni bibi yangu. Atumani amenipa nusu ya bugali yake bila neno.

Siku ya tatu, 25 Desemba

Mwaka huu Noeli haiko kwa kalendari, serikali imesema ni siku ya kazi. Basi ni siku ya tatu tu, siku ya katekisimu.

Saa mbili kamili, tukiwa bado tunanawa uso, tumesikia ile kengele inapanda kilima. Watu wamekimbia kutafuta mashati. Papa Théodore hajawahi kufika saa mbili. Ameingia juu ya kinga, nusu majani, nusu bleu, na nyuma kwa porte-bagages alikaa Rosalie, kitunga juu ya mapaja, ameshika koti ya muzee kwa mikono miwili.

Rosalie ameshuka. Yeye njo alikuja kwangu.

"Papa alikuja kusema yote," amesema. "Kaka zangu walikuwa wameisha kufunga vitu vyangu. Wakaniambia, unaona, na kutoka hatatoka. Nikawaambia, mulango ilikuwa wazi, ameifunga mwenyewe. Mwanaume wa namna hiyo sijawahi kukaa naye. Nataka kwanza nione yukoje."

"Na wao?"

"Wamerudi Kabare. Nimesema nitangoja mupaka Avril, utakapotoka. Lakini ukiiba hata sindano, Modeste, nitawaita mimi mwenyewe."

Nimelia mbele ya watu, na sioni haya kuiandika.

Chef amefika saa tatu, kwa miguu, matope mupaka magoti. "Pole, Chef," amesema Papa. "Ile njia naijua." Chef amekaa kwa kiti chake, akakwangua matope ya viatu. Somo imeshinda masaa mbili na nusu, juu Papa hapotezi tena wakati barabarani. Wenzangu wamenichukia. Moja amenong'ona kwamba ningengoja kutubu mupaka yeye afunguliwe.

Mwisho tumesimama kuomba. Papa amefika, kwa mazoea, pale pa mwizi. Halafu amesema, "Tumuombee Modeste." Hakusema Citoyen, hakusema Kajangu.

Wote wamegeuka kwa Chef. Chef ameangalia paa. "Jina ile mimi siijui," amesema. "Lakini Amina."

Nami nimesema Amina. Atumani anasema ilisikika mupaka Kadutu.

Wakati wa kwenda Papa ameegemeza kinga kwa ukuta, karibu nami. "Utaitoa ile rangi yako yote," amesema, "utaipaka bleu. Nitaichukua mwaka mupya." Atumani amemuuliza kama haogopi kuiacha kwa mwenye kuiiba. "Naogopa," amesema Papa. Wamekwenda Bagira kwa miguu, yeye na Rosalie, kila mutu jani la mugomba juu ya kichwa, juu mwavuli ilivunjikia mugongo yangu.

Siku ya posho, 28 Desemba

Rosalie ameleta kopo moja ya bleu, ya Papa. Nimekwaruza, nimepaka mara mbili. Chef, niliyemuungamia hata ile rangi ya kuchanganya, amekaa karibu akishika chupa ya esansi, akaninyooshea mara tatu. "Si inaongezaka rangi?" amesema. Nimekataa. Kopo imeisha yote kwa kinga moja, haikubaki hata ya kupaka kidole.

Siku ya pili, 31 Desemba

Mvua kubwa tangu asubui mupaka jioni. Nimeacha kinga inje makusudi. Rangi haijatoka.